Namna ya Kumpa Mtoto Mdogo Vitamini na Madini ya Nyongeza kwa Usalama

Vitamini na madini ya nyongeza, yawe ya matone, dawa ya maji, vidonge au unga wa kuchanganya na chakula, yameokoa maisha ya watoto wengi, na yamewadhuru wengine waliopewa pasipo mpango. Kinachotenganisha matokeo hayo mawili ni mambo matatu: kama mtoto ana upungufu unaojulikana, kama kirutubishi hicho hakimfikii tayari kwa njia nyingine, na kama kipimo anachopewa kinalingana na umri na uzito wake. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mzazi au mlezi wa mtoto aliye chini ya miaka 5, na hatua zake zimepangwa kwa utaratibu ambao mambo hayo yanapaswa kuamuliwa. Uamuzi wa dozi unabaki kwa mhudumu wa afya aliyemwona mtoto mwenyewe. Kazi yako ni kumpa taarifa kamili, kumwuliza yanayostahili kuulizwa, na kutekeleza nyumbani kile mlichokubaliana.

Hatua ya 1: Anza na umri wa mtoto

Mtoto aliyezaliwa kwa wakati na kwa uzito wa kawaida, ambaye ananyonya maziwa ya mama pekee, hupata karibu kila anachohitaji kwa miezi 6 ya mwanzo. Chuma kilichomo ndani ya maziwa ya mama ni kidogo sana, lakini mtoto huzaliwa na akiba yake mwenyewe, na akiba hiyo huwa kubwa zaidi iwapo kitovu hakikubanwa mara tu alipozaliwa bali kiliachwa kwa angalau dakika 1. Kirutubishi ambacho maziwa ya mama hayakitoi kwa kiasi cha kutosha ni vitamini D, ambayo mwili huitengeneza ngozi inapopata jua. Tangu mwaka 2008 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kimeshauri mtoto anayenyonya apewe vizio vya kimataifa (IU) 400 vya vitamini D kila siku kuanzia siku za mwanzo za maisha, na nchi nyingine kadhaa zina ushauri unaokaribiana na huo. Hata hivyo si nchi zote zinazofanya hivyo, kwa hiyo fuata mwongozo wa mahali unapoishi, na mweleze mhudumu iwapo mtoto hatolewi nje mara kwa mara au hufunikwa mwili mzima, kwa sababu hapo hatari ya matege huongezeka.

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati au akiwa na uzito mdogo ana hali tofauti kabisa. Akiba ya chuma hujengwa zaidi katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, na yeye ameukosa muda huo au sehemu yake. Ndiyo maana huhitaji kuanzishiwa chuma mapema, kwa dozi inayokokotolewa kwa kila kilo ya uzito wake na kurekebishwa kadiri anavyokua. Usisubiri miezi 6 itimie ndipo uulize.

Baada ya miezi 6 mambo hubadilika kwa haraka. Kwa viwango vinavyotumika Marekani, mtoto wa miezi 7 hadi 12 anahitaji takriban miligramu 11 za chuma kwa siku, kiasi kinachozidi miligramu 8 zinazopendekezwa kwa mwanamume mzima, ilhali tumbo lake hubeba vijiko vichache tu kwa mlo mmoja. Hapo ndipo pengo kubwa la kwanza hutokea, na hapo ndipo wazazi wengi hujipa moyo kwamba mtoto hana tatizo kwa kuwa anashiba. Mtoto anaweza kushiba kila siku kwa uji mwepesi na bado akapungukiwa chuma, zinki na vitamini A.

Hatua ya 2: Tafuta upungufu wenyewe kabla ya kununua chochote

Mpeleke mtoto kliniki akapimwe uzito, urefu na mzingo wa mkono, na uichukue kadi yake. Mweleze mhudumu anachokula mtoto kwa siku ya kawaida, bila kuipamba orodha hiyo: mara ngapi alipata nyama, samaki, ini au yai katika wiki iliyopita, na anakunywa maziwa ya ng'ombe kiasi gani. Swali hili la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Maziwa ya ng'ombe yana chuma kidogo na kalsiamu iliyomo hupunguza ufyonzaji wa chuma kutoka kwenye vyakula vingine, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayemaliza chupa kadhaa za maziwa kwa siku mara nyingi huacha kula. Upungufu wa damu wa mtoto kama huyo hutibiwa kwa chuma na kwa kupunguza maziwa kwa pamoja. Chuma peke yake hakitoshi.

Taja pia dalili ulizoziona: viganja na midomo iliyofifia rangi, uchovu, kula udongo, kujikwaa au kushindwa kuona wakati wa magharibi, kuhara mara kwa mara, miguu inayopinda. Dalili hizi husaidia kuelekeza uchunguzi, lakini hazithibitishi upungufu fulani kwa zenyewe. Rangi iliyofifia humaanisha kuwa damu ni pungufu, na damu hupungua kwa ukosefu wa chuma, kwa malaria, kwa minyoo ya safura, au kwa ugonjwa wa kurithi kama selimundu. Omba kiwango cha damu kipimwe. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2024, huhesabu kuwa mtoto wa miezi 6 hadi 23 ana upungufu wa damu iwapo hemoglobini yake, yaani kile kinachopimwa ili kujua kiwango cha damu, iko chini ya gramu 10.5 kwa desilita, na kwa mtoto wa miezi 24 hadi 59 mpaka huo ni gramu 11. Mtoto mwenye selimundu au thalasemia (ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi), hasa aliyewahi kuongezewa damu, asipewe chuma mpaka daktari wake aamue, kwa kuwa mwili wake unaweza kuwa tayari una chuma kinachozidi.

Hatua ya 3: Hesabu kile anachokipata tayari

Chukua karatasi na uandike kila kitu kinachoingia kinywani mwa mtoto chenye vitamini au madini yaliyoongezwa. Maziwa ya kopo ya watoto wachanga huwa yameongezwa chuma na vitamini D. Unga mwingi wa uji wa watoto unaouzwa ukiwa umefungwa huwa umeongezwa chuma na zinki. Mafuta ya ini la samaki yana vitamini A na D kwa wingi. Matone ya vitamini mchanganyiko aliyopewa na ndugu, vidonge vya kutafuna vyenye ladha ya matunda, na tembe za vitamini A zinazotolewa kwenye kampeni za afya, vyote viandikwe pamoja na kiasi na tarehe.

Orodha hii hufichua mambo ambayo hakuna aliyekusudia. Mtoto anaweza kuwa anapewa vitamini A kutoka kwenye vyanzo vitatu, kila kimoja kikiwa salama chenyewe, na jumla yake ikawa juu ya kiwango cha usalama. Vitamini A na D huhifadhiwa mwilini kwenye mafuta na ini, hazitoki upesi kwa mkojo kama vitamini C, na kwa sababu hiyo ziada yake hujilimbikiza siku hadi siku. Kwa mtoto anayetibiwa utapiamlo mkali kwa chakula dawa cha pakiti, kanuni ni kali zaidi: chakula hicho kimeshawekewa vitamini na madini yanayohitajika, na hapaswi kuongezewa chuma wala unga wa virutubishi juu yake. Katika siku za mwanzo za matibabu, akiwa bado na maambukizi na mwili haujatulia, chuma humdhuru.

Hatua ya 4: Rekebisha mlo kwanza, au sambamba

Nyongeza hutolewa kwa muda, mlo ni wa kila siku. Ongeza vyakula vyenye asili ya wanyama kwa kiasi kinachowezekana, pamoja na kunde, mboga za majani na matunda ya rangi ya machungwa. Weka mafuta kidogo kwenye mboga ili vitamini A ifyonzwe. Mpe tunda lenye vitamini C pamoja na mlo wa kunde ili chuma chake kifyonzwe vizuri zaidi. Na usimpe chai kabisa. Tumia chumvi yenye madini joto kwa chakula cha familia, kwa kiasi kidogo. Unyonyeshaji uendelee mpaka miaka 2 au zaidi.

Hatua ya 5: Soma lebo mpaka uielewe

Hapa ndipo makosa mengi huanzia, na hapa panastahili subira. Kwanza, tofautisha vizio. Vitamini A na D mara nyingi huandikwa kwa herufi IU, yaani vizio vya kimataifa, na wakati mwingine kwa mikrogramu. Mikrogramu 10 za vitamini D ni sawa na vizio 400. Mikrogramu 300 za vitamini A ya retinoli ni sawa na vizio 1,000. Miligramu 1 ina mikrogramu 1,000, na anayechanganya hizo mbili hukosea mara elfu.

Pili, kwa upande wa chuma, tafuta kiasi cha chuma halisi, si uzito wa kemikali nzima iliyobeba chuma hicho. Miligramu 12.5 za chuma halisi hupatikana ndani ya miligramu 62.5 za salfeti ya chuma ya kawaida, au miligramu 37.5 za fumarati, au takriban miligramu 105 za glukonati. Chukua mfano wa chupa iliyoandikwa kuwa ina miligramu 125 za salfeti ya chuma katika kila mililita 5. Chuma halisi kilichomo ni takriban miligramu 25 katika mililita 5, na mtoto aliyeandikiwa miligramu 12.5 atapewa mililita 2.5. Sasa chukua chupa ndogo ya matone iliyoandikwa miligramu 125 za salfeti ya chuma katika kila mililita 1. Namba ni ileile, lakini mililita 2.5 za chupa hiyo zitampa miligramu 62.5 za chuma halisi, mara tano ya dozi yake. Kila unapobadilishiwa chupa dukani, hata kama jina ni lilelile, mwombe mfamasia akuandikie upya idadi ya mililita.

Tatu, tumia kifaa kilichokuja na dawa hiyohiyo. Mwaka 2010 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu matone ya vitamini D, kwa kuwa baadhi ya vidondoshi viliweza kubeba dozi kubwa kuliko vizio 400 anavyohitaji mtoto mchanga. Kijiko cha jikoni hakifai, kwa kuwa ukubwa wake hutofautiana kutoka nyumba hadi nyumba. Bomba la plastiki lisilo na sindano ndilo bora: vuta dawa, lisimamishe wima, gonga polepole ili mapovu yapande juu, yasukume nje, kisha soma mstari ukiwa umeinua bomba mpaka usawa wa jicho.

Hatua ya 6: Toa kila kirutubishi kwa namna yake

Chuma. Kwa watoto wa miezi 6 hadi 23 wanaoishi mahali ambapo upungufu wa damu umeenea sana, yaani huwapata asilimia 40 au zaidi ya watoto, Shirika la Afya Duniani hupendekeza miligramu 10 hadi 12.5 za chuma halisi kila siku kwa miezi 3 mfululizo katika mwaka. Dozi ya kutibu upungufu uliothibitishwa hupangwa na mhudumu kwa uzito wa mtoto. Chuma hufyonzwa vizuri zaidi tumbo likiwa halina kitu. Mtoto akitapika, mpe pamoja na chakula kidogo, ila si pamoja na maziwa. Elekeza bomba upande wa ndani wa shavu, nyuma ya meno, kisha umpe maji na umsafishe meno, kwa sababu chuma cha maji huacha madoa meusi. Choo kitakuwa cheusi, na hilo ni jambo la kawaida.

Mahali penye malaria, chuma kinahitaji uangalifu wa pekee. Utafiti mkubwa uliofanyika Pemba na kuchapishwa mwaka 2006 ulisimamishwa kabla ya wakati kwa watoto waliokuwa wakipewa chuma na asidi ya foliki, baada ya kubainika kuwa walilazwa hospitalini na kufariki zaidi kuliko wenzao. Walipochunguzwa kwa ukaribu baadhi ya watoto waliopimwa damu na kutibiwa malaria kwa wakati, ilionekana kwamba wale waliokuwa na upungufu wa chuma pamoja na upungufu wa damu walinufaika. Matokeo hayo hayakatazi chuma. Yanaeleza ni kwa nini ushauri wa kimataifa unataka kitolewe pamoja na kinga, vipimo na tiba ya malaria. Kwa mzazi maana yake ni hii: mtoto alale ndani ya chandarua chenye dawa, na akipata homa apimwe malaria siku hiyohiyo, chuma kikisubiri uamuzi wa mhudumu.

Unga wa virutubishi wa pakiti. Huu ni mchanganyiko wa chuma, zinki, vitamini A na vingine, unaotolewa kwa watoto wa miezi 6 hadi 23, na mpango wa kawaida ni pakiti 90 katika kipindi cha miezi 6. Chemsha na uponde chakula kama kawaida, kisha uache kipoe mpaka kifikie joto ambalo mtoto angekula. Tenga vijiko vichache ambavyo una hakika atavimaliza, mimina pakiti nzima juu yake, changanya, mlishe sehemu hiyo kwanza, na baada ya hapo umpe chakula kilichobaki. Ale ndani ya dakika 30, kwa sababu chakula kikikaa hubadilika rangi na ladha. Usiweke unga huo kwenye sufuria iliyo jikoni, kwani chuma chake mara nyingi kimefunikwa kwa tabaka jembamba la mafuta linaloyeyuka kwenye joto kali, na ladha ya chuma ikitokeza mtoto atakikataa chakula chote. Usiuweke kwenye maji au maziwa, ambako utaelea na kuganda pembeni mwa kikombe. Pakiti moja ni ya mtoto mmoja kwa siku moja. Haigawanywi kwa ndugu wawili, na haitolewi pamoja na chuma cha dawa ya maji.

Zinki. Matumizi yake makuu kwa mtoto mdogo ni wakati wa kuhara, sambamba na maji ya ORS, yaani maji yenye chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walielekeza miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa mtoto aliye chini ya miezi 6, kwa siku 10 hadi 14. Utafiti uliofanyika India na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa dozi za miligramu 5 na 10 zilifanya kazi vizuri vilevile huku watoto wakitapika kidogo zaidi, kwa hiyo usishangae ukiandikiwa dozi ndogo kuliko aliyopewa mtoto wa kwanza. Weka kidonge kwenye kijiko, dondoshea maji safi au maziwa ya mama yaliyokamuliwa, subiri kiyeyuke chenyewe kwa muda mfupi, mnyweshe, kisha usuuze kijiko kwa matone machache ya maji na umpe yale masalia pia. Kuhara kwa kawaida hukoma kabla ya vidonge kuisha, na wengi huacha hapo. Maliza siku zote ulizoandikiwa, kwa kuwa siku hizo za ziada ndizo zinazomkinga asiugue tena katika miezi inayofuata.

Vitamini A ya dozi kubwa. Hii hutolewa na mhudumu, mahali ambapo upungufu wake ni tatizo la jamii: vizio 100,000 mara moja kwa mtoto wa miezi 6 hadi 11, na vizio 200,000 kila baada ya miezi 4 hadi 6 kwa mtoto wa miezi 12 hadi 59. Tembe hukatwa ncha na mafuta yake hukamuliwa mdomoni; mtoto hapewi tembe nzima ameze, kwa hatari ya kupaliwa. Anaweza kutapika, kuumwa kichwa au, kwa aliye mchanga zaidi, utosi ukavimba kidogo, na hali hizo kwa kawaida huisha ndani ya siku moja au mbili. Wajibu wako ni kuhakikisha tarehe imeandikwa kwenye kadi, ili asipewe tena kliniki baada ya kupewa kwenye kampeni wiki chache kabla. Mtoto mwenye surua hupewa dozi ya vitamini A siku mbili mfululizo kama sehemu ya matibabu, hata kama aliwahi kupewa kwenye kampeni, kwa hiyo usikatae dozi hiyo kwa kudhani ni marudio yasiyo na sababu.

Hatua ya 7: Fuatilia, na ujue pa kusimama

Weka alama kwenye kalenda kila unapompa, hasa kama walezi ni zaidi ya mmoja, kwa maana dozi hurudiwa kirahisi pale bibi anapompa asubuhi na mama anampa tena jioni. Ukisahau siku moja, endelea na dozi ya kawaida siku inayofuata, usiziunganishe. Mtoto aliyeanzishiwa chuma kwa ajili ya upungufu wa damu arudi kupimwa baada ya takriban mwezi mmoja. Hemoglobini ikiwa imepanda, chuma huendelea kwa miezi kadhaa zaidi ili kujaza akiba, kisha huachwa. Isipopanda, usiongeze dozi mwenyewe: ama hapewi ipasavyo, ama chanzo cha tatizo ni kingine. Kama ametimiza mwaka mmoja, uliza pia kuhusu dawa ya minyoo.

Hatua ya 8: Hifadhi kama sumu, kwa kuwa ikizidi ni sumu

Vidonge vya chuma vya mama mjamzito ndivyo vinavyonitia wasiwasi zaidi kuliko dawa yoyote ya mtoto mwenyewe. Vina rangi, vingi vimefunikwa kwa sukari, na kimoja huweza kuwa na miligramu 60 za chuma halisi. Mtoto wa kilo 10 akimeza vidonge 10 atakuwa amepata miligramu 60 kwa kila kilo ya uzito wake, kiwango kinachohesabiwa kuwa cha hatari kwa maisha. Dalili huweza kuanza hata kwa theluthi moja ya kiasi hicho. Dawa zote za aina hii zikae juu, ndani ya kabati linalofungwa, kwenye chupa zake zenye lebo, na kamwe usimwambie mtoto kuwa ni peremende.

Ukihisi kuwa mtoto amemeza vidonge kadhaa, nenda hospitali papo hapo bila kusubiri dalili. Usimtapishe, na usipoteze muda kumpa mkaa wa dawa, kwa kuwa haushiki chuma. Katika saa za mwanzo hutapika, huhara na kuumwa tumbo, wakati mwingine kukiwa na damu. Kisha anaweza kutulia, akaonekana amepona, akataka kucheza. Kipindi hicho cha utulivu kimewafanya wazazi wengine warudi nyumbani wakiwa bado njiani, ilhali chuma kinaendelea kuharibu ini na moyo. Beba chupa yenyewe, hesabu vidonge vilivyobaki, na mwambie daktari saa uliyomkuta, uzito wake wa mwisho kwenye kadi, na idadi kubwa kabisa ya vidonge anavyoweza kuwa amemeza.